Longfellow wa Mtumba Tabora: Kitabu cha Mashairi cha Kimarekani, na Bei Kinayostahili

Juu ya meza ya vitabu vya mtumba iliyo karibu na stesheni ya reli hapa Tabora, baina ya vitabu vya Fizikia vya kidato cha pili na majarida ya mitindo yaliyopitwa na wakati, nilikuta mwezi uliopita mkusanyo wa mashairi ya Henry Wadsworth Longfellow wenye jalada la kitambaa cha kijani kilichofifia na maandishi ya dhahabu mgongoni. Ukurasa wa jina unataja Boston na kampuni ya Houghton, Mifflin, jina ambalo kampuni hiyo ilianza kulitumia mwaka 1880, na kwenye karatasi ya mbele mtu ameandika, kwa wino uliogeuka kahawia, kwamba ni zawadi kwa mama yake, Krismasi ya 1893. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniamkia kisha akanitajia bei: "Mwalimu, hicho kina zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Kwa shilingi 40,000 nimekupa bure." Tulivutana kwa muda, nikaondoka, nikarudi siku ya pili, na tukapatana kwa shilingi 12,000.

Nianze na hoja yake ya umri, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumpoteza mnunuzi. Uzee peke yake haukipi kitabu thamani. Kinachokipa thamani ni uchache wa nakala pamoja na wingi wa wanaozitafuta. Longfellow, aliyezaliwa mwaka 1807 na kufariki mwaka 1882, alisomwa Marekani kuliko karibu kila mshairi wa zama zake, na wachapishaji waliendelea kuzitoa kazi zake kwa wingi muda mrefu baada ya kifo chake. Nyumba za wazee zinapofungwa na vyombo vyake kuuzwa, vitabu vya namna hii hutoka katika maboksi na kwenda kwa dola chache tu, na vingine hununuliwa kwa rangi ya mgongo wake, vikapambe rafu bila ya kufunguliwa. Tofauti inaonekana vizuri katika mwaka 1855. Mwaka huo Longfellow alitoa utenzi wake mrefu wa Hiawatha, ukagombaniwa madukani. Mwaka huohuo mshairi mwenzake wa Kimarekani, Walt Whitman, alijigharamia mkusanyo wake wa kwanza, nakala 795 tu, ambao wengi hawakuujali. Leo nakala moja ya toleo hilo la Whitman ni mali ya matajiri na maktaba kubwa, ilhali Longfellow wa kawaida unaweza kumkuta Tabora akiegemea kitabu cha Fizikia.

Lakini kitabu changu hakikutengenezwa ili kije kuwa mali ya kale. Kilikuwa chombo cha nyumbani, kama taa au sufuria, na ndivyo kinavyopaswa kupimwa. Longfellow na wenzake wanne, Bryant, Whittier, Holmes na Lowell, huitwa washairi wa mekoni, kwa maana ya kwamba mashairi yao yalisomwa kwa sauti familia ikiwa imeuzunguka moto wakati wa baridi. Watoto waliyahifadhi shuleni na kuyaghani mbele ya wazazi. Kitabu chenyewe kilikaa juu ya meza ya sebuleni karibu na Biblia, kikatolewa zawadi ya Krismasi au ya siku ya kuzaliwa, na kikatumika kukaushia maua. Katika nakala yangu nimekuta jani la mti nisioujua, limebanwa mpaka likawa jembamba kuliko karatasi, na doa lake limebaki kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Mapenzi ya watu kwa mshairi huyu yalifika mbali. Alikuwa ametunga shairi juu ya mhunzi anayefua chuma chini ya mti mkubwa. Mti wenyewe ulipokatwa katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, watoto wa mji walichangishana, ukachongwa kiti, naye Longfellow akakabidhiwa siku alipotimiza miaka 72, tarehe 27 Februari 1879. (Sisi tunaowaona mafundi wakigonga bati chini ya miembe kila siku hatuhitaji kuelezwa shairi hilo linasema nini.)

Kwa upande wa ufundi, mshono unastahili sifa zote. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, hazikubandikwa kwa gundi peke yake, na kitabu hulala wazi juu ya meza bila kukandamizwa, jambo ambalo vitabu vyetu vipya vya ziada vimelisahau kabisa. Kingo za juu zilipakwa dhahabu, si kwa urembo tu bali pia kuzuia vumbi lisipenye ndani, na ujanja huo bado unafanya kazi hata katika vumbi la Tabora la mwezi wa tisa. Picha ya mshairi imefunikwa kwa karatasi laini inayopitisha mwanga. Ndevu nyingi zinazoonekana katika picha hiyo zina kisa: mwaka 1861 nguo za mkewe zilishika moto nyumbani, naye alipojaribu kuuzima aliungua usoni, mke akafariki, na tangu hapo hakunyoa tena.

Ubaya uko katika karatasi. Miaka ile wachapishaji wengi walikuwa wamekwisha acha karatasi ya matambara na kuhamia ya rojo la miti, ambayo ina tindikali inayoila yenyewe polepole. Kurasa zangu zimekuwa rangi ya chai ya rangi, na pembe zake hukatika ukizikunja. Herufi nazo ni ndogo mno. Msomaji wa umri wangu asitegemee koroboi. Na kwa kuwa mchwa wa mkoa huu hawachagui baina ya boriti na beti, nakiweka ndani ya kopo la bati, na kila baada ya siku chache nakitoa kipate hewa kivulini.

Kuhusu yaliyomo, mambo mawili yanamfaa msomaji wa Kiswahili. La kwanza ni bahari, yaani mtindo wa mistari na mizani, ya ule utenzi wa Hiawatha, ambayo Longfellow aliichukua kutoka katika utenzi wa Kifini: kila mstari una mizani nane, sawasawa na utenzi wetu. Hauna vina, na hilo mwanzoni linamkera mtu aliyelelewa na vina, lakini nilipomwomba mjukuu wangu anisomee kwa sauti, vidole vyangu vilianza vyenyewe kuhesabu mizani juu ya goti. Sitauficha upungufu wake. Visa vyenyewe ni vya Waojibwe, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, vilivyoandikwa na mtu mwingine kabla yake. Longfellow alimpa shujaa wao jina la Hiawatha, kiongozi wa wenyeji wengine kabisa, Wairokwa, kisha mwishoni akamfanya awapokee wamisionari kwa furaha na kujiondokea zake, kana kwamba wenye nchi walihama kwa hiari yao.

La pili ni mashairi machache juu ya utumwa, aliyoyatunga mwaka 1842 akiwa melini akirudi kutoka Ulaya. Haya hayakupatikana katika kila nyumba ya Marekani, kwani mkusanyo wa kifahari uliotolewa Philadelphia mwaka 1845 uliyaacha nje. Nakala yangu, iliyochapwa utumwa ukiwa umekwisha kufutwa nchini humo, inayo. Katika mojawapo, mtumwa amelala kando ya mpunga ambao haujavunwa, mundu ungali mkononi, naye anaota yuko kwao kwenye mto Niger, pamoja na mke na wanawe, mpaka roho inamtoka na mjeledi haumwumizi tena. Nililisoma shairi hilo nikiwa katika mji ambao misafara ya pembe na ya watumwa iliondokea kwenda Bagamoyo, na ambao wakati linatungwa ulikuwa ndio kwanza unakua kwa biashara hiyohiyo. Lugha yake imetiwa mapambo kupita kiasi, na Afrika yake ni ya mtu asiyewahi kufika, lakini sikuweza kuendelea na ukurasa uliofuata jioni ile.

Anayetaka kitabu cha kuuza baadaye kwa faida asikiguse hiki. Anayetaka cha kusoma kwa sauti nyumbani, na ambaye Kiingereza cha kale hakimtishi, atoe kati ya shilingi 10,000 na 15,000, baada ya kukifungua katikati na kuhakikisha uzi haujakatika na kurasa za mwisho zipo. Mezani pale nimeacha kitabu cha Whittier cha zama hizohizo, ambacho mgongo wake umeng'oka na kufungwa kwa mpira wa manati. Muuzaji anataka 30,000, nami nimemwambia 5,000, bado hatujapatana.