Rangi ya unga kwenye chubwi: uzoefu wangu Lamu

Nimeitumia rangi hii ya unga mkavu, inayoyeyuka na kushika kwa joto, miezi minne sasa, na naandika kwa wale mnaoyeyusha madini ya risasi nyumbani na kusubu chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, maana mkifuata maelezo ya kwenye pakiti mtapoteza unga bure.

Risasi tupu huacha weusi vidoleni. Ukiwa baharini tangu alfajiri, mkono uleule unaovuta mshipi ndio unaomega mkate wa mofa, na yaliyowapata watu wa Owino Uhuru kule Mombasa kwa sumu ya risasi sote tuliyasikia. Wapiga shabaha wa Marekani hupaka rangi hii risasi za bunduki wanazosubu wenyewe, ili madini yasigande ndani ya mtutu. Nikasema, ikiwa yastahimili mtutu, mwamba wa Manda hautaishinda. (Nilipompigia muuzaji nikamwambia nataka rangi ya kupaka risasi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Risasi zipi, ndugu yangu?")

Nilinunua nusu kilo, ya manjano. Pakiti yasema tia chubwi na unga katika kopo la plastiki, tikisa dakika moja, msuguano utazalisha umeme na unga utashika. Labda kwenye nchi kavu. Hapa Langoni, ambapo chumvi mezani hugeuka uji, nilitikisa mpaka bega likaniuma na chubwi zikatoka na mabaka kama chewa. Kilichofaa ni kuzipasha kwanza ndani ya oveni. Naning'iniza chubwi kwa waya, naitoa ingali moto, naichovya kwenye unga kwa sekunde mbili tatu. Unga hushika papo hapo. Unauona ukiacha kuwa vumbi na kuanza kung'aa. Kisha narudisha ndani, digrii 200, dakika 20. Risasi yayeyuka kwenye 327, kwa hiyo nafasi ipo, ila msiamini namba za kwenye swichi. Yangu ilionyesha 200 na kumbe ndani haijafika 160. Mzigo wote wa kwanza ulibambuka. Nikanunua kipimajoto cha pembeni, mambo yakatengenea.

Chubwi ndogo sizisubu, nazibana baridi kwenye kalibu ya chuma kwa jeki ya gari. Hizo ndizo zilizonitesa zaidi. Mafuta ya kalibu hubaki juu yake, na rangi yatoka kama ganda la kitunguu. Sasa naziosha kwa thina, naziacha zikauke kabisa, na baada ya hapo sizishiki kwa mkono mtupu.

Kujua kama rangi imeiva, weka chubwi juu ya jiwe uipige nyundo mpaka ilale bapa. Iliyoiva hunyooka pamoja na risasi. Isiyoiva hupasuka ikaruka vipande. Mimi huiharibu moja kwa kila mzigo, siioni hasara.

Kasoro ninazo. Tundu la kupitishia mshipi huziba, na ukilizibua vibaya ukingo wa rangi hukwaruza uzi. Napitisha spoku ya baiskeli rangi ikiwa bado laini. Chubwi zinazoburutwa kwenye matumbawe huchubuka baada ya wiki chache, lakini za kwenye mchanga bado nzima. Kuhusu kuvutia samaki, mzee mmoja wa Mkomani alizitazama zile za manjano akacheka: "Mwanangu, samaki yuala chambo, hali chubwi." Ni kweli, sijaona tofauti yoyote kwa changu wala kolekole. Faida niliyoipata ni mikono safi, na kwamba chubwi ikianguka ndani ya dau naiona.

Oveni iliyooka rangi hii isirudi jikoni tena. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, nikamwonyesha moshi uliotanda juu ya ukuta, hakuuliza tena. Na kusubu, fanyeni nje, kalibu ikiwa kavu kabisa. Tone moja la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka hulipuka usoni.

Jambo linalonisumbua hadi leo ni kupata risasi yenyewe. Kisiwa cha punda hakina vile vizito vya risasi vya kusawazishia magurudumu ya magari, basi nangoja mtu wa kuniletea kutoka Mokowe, kule bara. Unga uliobaki nimeufunga ndani ya chupa, nikatia na kitambaa chenye mchele, kama tunavyofanya kwenye chumvi. Haujaganda mpaka sasa.