Meno ya kahawia ya Arusha, nilivyotibiwa Tanga

Aliyekulia Arumeru kama mimi hana haja ya kuelezwa meno ya kahawia ni nini. Maji ya kule, hasa upande wa Maji ya Chai, yana floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka na mabaka. Mimi nimeolewa Tanga, na huku nikicheka watu wanadhani sipigi mswaki. Inauma, kwa sababu rangi ile haiko juu ya jino. Imo ndani.

Kliniki niliyokwenda ni ya binafsi, maeneo ya Chumbageni. Daktari ni mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikamwambia nataka meno meupe. Akanikagua kwa kioo, akanipiga X-ray, akasema, "Mwanangu, weupe utakuja mwisho. Fizi zako zinavuja damu na gego moja limetoboka."

Akaanza kusafisha. Ni kimashine kinachotetemeka huku kikirusha maji, kinabandua ukoga uliokwisha kuwa mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa. Hakiumi sana ila kinakera, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Maji baridi yalinichoma kwa siku chache, kisha ikaisha, na damu wakati wa kupiga mswaki ikakoma. Nililipa 40,000 na ningelipa tena leo. Gego lilizibwa kwa ganzi, sikusikia kitu.

Kwenye rangi ndipo nilipojifunza mengi. Dawa ya kung'arisha, yenye peroksidi, iliondoa umanjano lakini mabaka ya kahawia yakabaki, na yale meupe yakaonekana zaidi kwa muda. Alikuwa ameshanionya. Baadaye akasugua tabaka jembamba la juu kwa dawa maalumu, mabaka mengi yakafifia. Meno mawili ya mbele yenye doa la ndani akayafunika kwa ile dawa ya kuzibia ya rangi ya jino, inayogandishwa kwa mwanga wa bluu. Hapo tulisubiri kwanza wiki mbili, maana jino lililotoka kung'arishwa halishiki vizuri. Tena rangi ya kuzibia lazima ichaguliwe mwishoni, kwa kuwa yenyewe haing'arishiki.

Niliulizia vinia, vile vigamba vyembamba vinavyogandishwa mbele ya jino. Akakataa kabisa: kwa kawaida jino linachongwa kwanza, na ganda lake likishaondolewa halioti tena. Angeweza kuchukua pesa yangu bila kusema neno, na kwa hilo namheshimu.

Kasoro zipo. Bei hazijabandikwa ukutani, unaambiwa ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Kufunika ni 80,000 kwa jino moja na bima yangu haikulipia, ikihesabu ni urembo. Foleni nayo ni ndefu. Na kazi hii si ya milele, inaweza kumeguka au kushika rangi, kwa hiyo muwa na mifupa sing'ati kwa meno ya mbele. Kahawa ya Ngamiani sijaiacha, nasukutua tu kwa maji nikimaliza.

Kwa wenzangu wenye meno haya, tafadhali acheni ndimu na mkaa. Vinakula ganda la jino na doa linabaki palepale. Dawa ya meno yenye floraidi pia msiiogope, kwa mtu mzima haiongezi mabaka na inazuia meno kutoboka.

Mdogo wangu bado yuko Usa River na ana watoto wadogo. Yeye alikuwa akichemsha maji akiamini floraidi inatoka. Haitoki, maji yakipungua ndipo inazidi kukolea. Sasa anakinga ya mvua kwenye simtanki kwa ajili ya kunywa na kupikia, na amekusudia kuendelea mpaka wa mwisho avuke miaka 8.