Miaka mitatu ya kurekodi muziki kwa kipakatalishi cha kawaida: uzoefu wangu Kisumu

Nilinunua kipakatalishi changu mwezi wa Machi mwaka wa 2022 katika duka moja hapa Kisumu, kwenye Barabara ya Oginga Odinga, kwa shilingi 62,000. Chapa yake sitaitaja kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasimulia si ya kuisifu. Ni mashine ambayo mwanafunzi wa chuo au karani wa ofisi angeinunua: kichakataji cha Core i5 cha kizazi cha 11 chenye viini vinne, kumbukumbu ya muda (RAM) ya GB 8, diski ya kuhifadhia (SSD) ya GB 256 na skrini ya inchi 15.6. Wenzangu wawili wa kazi walikuwa wamenionya kwamba fedha hizo nazitupa ziwani. Tangu wakati huo nimerekodia humo kwaya tatu, bendi mbili za benga, wachezaji wa nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo, na matangazo ya redio ambayo sikuyahesabu. Anayeniuliza kama mashine ya aina hii inafaa kwa kazi ya muziki ya kulipwa humjibu kwamba inafaa, ila si katika hali unayoitoa nayo dukani.

Kurekodi kwenyewe si mzigo mkubwa, ingawa ndiko kunakowatisha wengi. Treki moja, yaani njia moja ya sauti, ya biti 24, kwa kipimo cha sampuli 48,000 kila sekunde, hula takriban MB 8.6 kwa dakika, hivyo maikrofoni nne zikifanya kazi saa nzima hujaza karibu GB 2 tu. Hata SSD ya bei ya chini kabisa huandika kiasi hicho bila kuhema. Ninatumia Reaper, programu nyepesi ya kurekodi ambayo leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani, na ninaporekodi treki nne bila makolombwezo kama mwangwi, kichakataji huwa ni kama hakina kazi. Shida huanza pale mwimbaji anapotaka kujisikia papo hapo kupitia kwa mashine, sauti yake ikiwa na mwangwi, au mpiga kinanda anapotaka sauti itoke mara tu anapogusa.

Somo hilo nililipata kwa mzee mmoja aliyetoka Siaya kuja kurekodi nyatiti. Mchezaji wa nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma iitwayo oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu, na pete hiyo huigonga kwenye ubao wa ala ili kushika mapigo huku vidole vya mikono vikicheza na nyuzi nane. Niliweka maikrofoni moja mbele ya ngozi ya ala na nyingine karibu na mguu, kisha nikamvika hedifoni. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukifanyia hesabu, niliiacha kwenye sampuli 512 kwa kuogopa mikwaruzo. Kabla hajamaliza ubeti wa pili alisimamisha mkono, akavua hedifoni, akanitazama kwa upole.

"Kijana wangu, huyu unayenisikilizisha si mimi. Ni mtu anayenifuata nyuma."

Alikuwa na haki. Bafa ya sampuli 512 ni milisekunde 10.7 wakati sauti inapoingia na nyingine kama hizo inapotoka, jumla zaidi ya 21, ambayo ni sawa na kuisikiliza ala yako ukiwa umesimama mita saba kutoka ilipo. Mwimbaji wa kwaya huenda asitambue kitu. Lakini chuma kikigonga ubao, mlio wake ni mkali na mfupi, na mzee alikuwa akiusikia mara mbili: kwanza kutoka mguuni mwake, kisha kutoka kwangu. Nikaishusha bafa hadi 128. Akatabasamu, akaanza upya, na baada ya nusu dakika mikwaruzo ikajaa kwenye rekodi kama mahindi yanayokaangwa.

Nilidhani mashine imeshindwa nguvu, nami nilikosea. Mita ilionyesha kwamba kichakataji kinatumika chini ya asilimia 20. Kwa bafa ya 128, mashine hupewa milisekunde 2.7 za kumaliza hesabu ya kila kipande cha sauti, na ikichelewa mara moja tu, hata kama muda mwingine wote imekaa bure, pengo hilo litasikika. Ni kama mpishi hodari wa harusi anayepigiwa simu kila dakika: chakula kimeiva na kinatosha, lakini sahani zinachelewa kufika mezani. Kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye kasha haikwambii lolote kuhusu simu hizo.

Aliyekuwa akimpigia mpishi wangu nilimjua baadaye kwa kutumia LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha ni draiva ipi (programu inayoendesha kifaa fulani) inayokishika kichakataji na kukichelewesha. Kwangu ilikuwa draiva ya Wi-Fi. Nikaizima, mikwaruzo ikapungua sana. Nikasitisha masasisho ya Windows wakati wa kazi, nikaiagiza programu ya kuzuia virusi isipekue folda za muziki, na nikaacha kutegemea ASIO4ALL, draiva ya jumla ya ASIO (njia ya haraka ya kupitisha sauti kwenye Windows), ambayo ni msaada mzuri wa dharura, nikasakinisha draiva ya ASIO iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi yangu ya sauti yenyewe, kisanduku cha nje ninachochomekea maikrofoni. Tangu hapo bafa ya 128 hukaa kimya siku nzima. Duka halikunieleza hata moja kati ya hayo, na sidhani muuzaji aliyajua.

Siku ile ya mzee, hata hivyo, tulinusurika kwa kitufe kimoja tu. Kadi nyingi za sauti za nje zina njia ya kupeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni bila kuipitisha kwenye kompyuta, na yangu ilikuwa nayo tangu mwanzo. Sikuwa nimesoma kijitabu chake. Nilipokibonyeza, mzee alirekodi nyimbo tatu mfululizo, nami nikarudisha bafa kwenye 512 bila yeye kujali.

Joto ndilo lililonisumbua kuliko yote, na hapa vipakatalishi vya kawaida vinastahili lawama. Chumba changu kiko Migosi, kimeezekwa kwa mabati, na ili kelele za bodaboda zisiingie inanibidi nifunge madirisha na kutundika mablanketi ukutani. Ifikapo saa nane mchana ndani huwa kama tanuri. Feni ya mashine huanza kuvuma, uvumi wake ukiingia moja kwa moja kwenye maikrofoni, na ikizidiwa, kichakataji hujipunguzia kasi ili kisiungue. Mashine iliyochanganya treki 40 asubuhi bila shida hukwama kwenye treki hizo hizo mchana. Nilipima nikakuta nyuzi 97 za Selsiasi. Fundi alinitoza shilingi 800 kuifungua, akatoa vumbi lililogandamana kama kitambaa, akapaka dawa mpya ya kupitishia joto, na kipimo kikashuka hadi 84. Sasa huifanyia hivyo kila baada ya miezi minane. Mashine yenyewe niliihamishia ukumbini, waya wa USB wa mita tatu ukipita chini ya mlango, na mwanamuziki amebaki chumbani peke yake na utulivu wake. Mvua ya jioni ikianza juu ya mabati, bila shaka, hakuna waya unaosaidia, tunakunywa chai.

Umeme nao una vituko vyake. Mpiga gitaa wa benga alipochomeka gitaa lake, nyuma ya nyuzi kulisikika mlio mwembamba wa kukereta ambao ulitoweka nilipochomoa chaja ya kipakatalishi. Nikafurahi, kumbe mapema mno, kwa kuwa mashine ikitumia betri Windows huipunguzia kasi, na mikwaruzo ikarudi. Ilinibidi niingie kwenye mipangilio ya nishati na kuiagiza ifanye kazi kwa nguvu zote hata ikiwa kwenye betri, jambo ambalo hunipa muda usiozidi saa moja na nusu. Dawa ya kudumu ilikuwa kisanduku cha DI, kinachounganisha gitaa na kadi ya sauti, chenye swichi ya kukata waya wa ardhini kwenye njia ya sauti. Nimewaona watu wakivunja pini ya ardhini ya chaja ili kuuondoa mlio huo. Umeme wetu ni wa volti 240, na mwanamuziki ameshika nyuzi za chuma. Mimi siwezi kufanya hivyo.

Umeme ukikatika, kipakatalishi huendelea kwa betri yake, na hapo kinaishinda kompyuta ya mezani. Lakini kadi yangu yenye viingilio vinne huhitaji umeme wake wenyewe, kwa hiyo giza likiingia mashine hubaki hai ikirekodi kimya kitupu. Nilipoteza hivyo shairi zima la soprano.

Kuhusu RAM, muuzaji aliniapia kwamba ningeweza kuiongeza hadi GB 32. Nilipofungua nilikuta GB 4 zimechomelewa kwenye bodi na tundu moja tu la kubadilisha, hivyo nikaishia GB 12. Kwa sauti zilizorekodiwa zinatosha. Kwa ala za kidijitali zenye sampuli nyingi, yaani sauti za ala zilizorekodiwa tayari, hazitoshi: piano moja nzuri pamoja na okestra hujaza kumbukumbu, na mashine huanza kusitasita. Kwaya moja ya Nyalenda iliniletea kazi ambayo, kwa kuwarekodi kundi kwa kundi, ilifika treki 63. Nilipoweka plagini, yaani viprogramu vya kurekebisha sauti, kwenye kila treki, mashine ilikataa. Niligandisha treki za alto na teno, maana yake ni kuzigeuza kuwa sauti iliyokamilika isiyohitaji hesabu tena, na kazi ikaisha, ingawa kila mara kiongozi wa kwaya alipotaka badiliko dogo nililazimika kuzigandua, kurekebisha na kuzigandisha upya. Alitaka mabadiliko madogo mengi.

Rafiki yangu wa Nakuru anatumia MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ambayo nayo ni ya wateja wa kawaida. Haina feni kabisa, kwa hiyo anaiweka mita moja kutoka kwenye maikrofoni, na mfumo wake wa sauti hauhitaji kuhangaika na ASIO. Nilimwonea wivu hadi aliponieleza bei aliyoinunulia, na kwamba RAM yake haiongezeki kamwe.

Ningekuwa ninanunua leo, ningeomba nifunguliwe kifuniko cha chini dukani nione matundu ya RAM kwa macho yangu, na ningekwenda na kadi yangu ya sauti na LatencyMon kwenye flashi, niiwashe dakika kumi kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, ningevuka barabara. Mwezi ujao bendi ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, inataka kurekodi wote kwa pamoja, ngoma, orutu, kinanda na sauti, maikrofoni nane kwa mkupuo. Kipakatalishi kitaziweza. Kadi yangu ya viingilio vinne ndiyo isiyoziweza, kwa hiyo akiba yangu sasa inaelekea huko, pamoja na betri ya kuishikilia kadi hiyo umeme ukipotea.