Marangu au Machame: kibanda au hema?

Njia zote mbili zinakufikisha kilele cha Uhuru, mita 5,895, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Tofauti ya kwanza ni mahali utakapolaza ubavu.

Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda: Mandara, Horombo, kisha Kibo. Unalala kitandani, na mvua ikinyesha usiku kucha hulowi. Kwa anayepanda wakati wa masika, hilo si jambo dogo. Ila unashuka kwa njia ileile uliyopandia.

Machame ni hema mwanzo mwisho. Alfajiri kule Shira unakuta umande umeganda juu ya turubai. Ukifungua zipu, chembe za barafu zinakudondokea shingoni. Lakini macho hayashibi: msitu wenye ukungu, uwanda wa Shira, halafu bonde la Barranco lenye mimea ya misenesio mirefu kupita mtu, na ukuta wa mwamba unaoukwea kwa mikono na miguu. Kushuka unapitia njia nyingine, ya Mweka, kwa hiyo hurudii ulikotoka.

Kubwa zaidi, kwangu, ni mwili kuzoea hewa haba. Machame inakupandisha hadi Lava Tower, mnara wa mwamba wa volkano, kama mita 4,600, kisha unateremka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Marangu ya siku 5 haikupi nafasi hiyo. Ukiichagua, tafadhali ongeza siku moja ya kukaa Horombo.

Mimi nachagua Machame, tena ya siku 7, na begi la kulalia lililo zito kweli.