Uchambuzi wa inveta ya VA 1000 na nyaya zinazokuja ndani ya boksi lake

Karibuni tena, watazamaji wangu, na kwa wazazi wangu mnaotutazama mkiwa nyumbani, shikamooni. Hii iliyo mbele yangu ni inveta niliyoinunua Kariakoo wiki tatu zilizopita kwa shilingi 420,000. Nimeifunga nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam, nimeitumia usiku na mchana, na nimeipenda. Kilichonifanya niwashe kamera leo nikiwa na hasira ni nyaya hizi mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo mtengenezaji amezikunja vizuri na kuziweka chini ya mashine ili mnunuzi aunganishie betri. Naomba msiondoke kabla sijazichuna mbele yenu.

Kazi ya inveta mnaifahamu, kwa hiyo sitawachosha: inachukua umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri na kuugeuza kuwa wa volti 230 kama ule wa TANESCO, na umeme ukirudi, chaja iliyomo ndani inaijaza betri upya. Nitasema neno moja tu kuhusu maandishi ya boksi. Upande wa mbele limeandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa, na wengi wetu tunasoma wati 1000. Ukiligeuza utaona kwamba hizo ni VA, yaani volti zikizidishwa kwa ampea (kipimo cha mkondo wa umeme), na kwamba wati ni 800. Panga matumizi ya nyumba yako kwa hizo 800 na ubakishe nafasi, kwa sababu friji ya wati 120 inaweza kuvuta mara tano au sita ya kiasi hicho kwa kitambo kifupi, pale kompresa inapoanza kuzunguka.

Sasa tuje kwenye nyaya. Nachukua kisu, nachuna waya mwekundu kiasi cha sentimita tatu, na ninawasogezea kamera. Ganda la plastiki ni nene kama kidole changu cha mwisho, lakini shaba iliyomo ndani ni kishungi chembamba ambacho nimekipima na hakifiki milimita 6 za mraba. Mtu anayeushika waya huu dukani anaamini kwamba amepewa waya mnene, kumbe alichoshika ni plastiki.

Kwa nini jambo hili linaniudhi kiasi hiki? Wati 600 kwenye soketi ya ukutani ni ampea zisizofika 3, na waya wa kawaida wa nyumbani unazibeba bila shida. Wati hizohizo 600 zikitoka kwenye betri ya volti 12, ukijumlisha na zile zinazopotea ndani ya inveta yenyewe, ni ampea karibu 57, yaani mkondo ambao soketi ya nyumbani haiujui kabisa. Fundi aliyezoea nyaya za ukutani anaweza kuziona volti 12 kuwa ni kidogo na zisizo na madhara, na ni kweli kwamba hazikurushi ukizigusa, lakini ndizo zinazoweza kuunguza nyumba, kwa kuwa moto wa nyaya huletwa na ampea.

Nimeandaa ubao wenye balbu sita za zamani, za wati 100 kila moja, ili tuwe na wati 600 kamili. Naziwasha zote. Mita ya kwanza iko kwenye vichwa vya betri, nayo inasoma volti 12.2. Mita ya pili nimeigusisha nyuma ya inveta, mahali nyaya zinapoingilia, nayo inasoma 11.6. Umbali kati ya mita hizi mbili ni mita moja tu ya waya, kwenda na kurudi mita mbili, na tayari tumepoteza volti 0.6. Zidisheni kwa ampea 57: ni wati 34 ambazo hazikufika kwenye inveta, zimebaki humu ndani ya waya zikiwa joto. Tusubiri dakika saba. Sasa naelekeza kipimajoto hapa kwenye kichwa cha shaba kilichobanwa mwishoni mwa waya mwekundu, na mnaona wenyewe: nyuzi 84, na plastiki imeanza kulainika hadi ukucha wangu unaacha alama. Plastiki ya aina hii kwa kawaida hutengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Haya ni matumizi ya wati 600 tu, kwenye mashine iliyoandikwa kuwa inaweza 800, tena kwa nyaya zilizotoka ndani ya boksi lake.

Nazima balbu na kuunganisha friji peke yake. Sikilizeni. Kompresa inajaribu kuanza, volti zinashuka kwa ghafla, inveta inapiga kelele na kujizima, kisha inawaka tena na kurudia mchezo uleule. Hivi ndivyo mtu anavyoirudisha mashine dukani akidai kwamba ni mbovu au kwamba betri imekufa, ilhali vyote viwili ni vizima. Nilifanya hivyohivyo siku ya pili, nikaibeba inveta hadi dukani, muuzaji akaibadilisha bila maneno, na ile mpya ikafanya yaleyale. Ndipo nilipogusa waya kwa mkono na kuelewa.

Hizi hapa ni nyaya nilizonunua badala yake: shaba tupu, milimita 25 za mraba, urefu wa mita moja kila moja, vichwa vyake vimebanwa kwa mashine na si kwa kugongwa nyundo. Narudia jaribio la balbu sita. Kwenye betri volti 12.2, kwenye inveta 12.1. Baada ya dakika saba waya una uvuguvugu ambao ningeweza kuushika mchana kutwa. Narudisha friji, na inaanza mara moja, taa ya sebuleni hata haikonyezi.

Waya peke yake hautoshi. Kwenye upande wa chanya, umbali usiozidi shibiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri, lazima pakae fyuzi iliyotengenezwa kwa umeme wa betri, na kwa inveta hii nimeweka ya ampea 100. Inakaa karibu na betri kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya: ganda likikwaruzwa na panya au kubanwa na mguu wa kabati hadi chanya na hasi zikagusana, kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukiokoa, na betri ya ampea-saa 200 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) inaweza kumwaga mamia ya ampea katika sekunde moja. Ndani ya boksi la shilingi 420,000 fyuzi hii haimo. Kwa hilo bado sijamsamehe mtengenezaji.

Wakati wa kuunganisha, vueni pete na saa za chuma, na zungushieni mpini wa spana utepe wa plastiki, kwani spana ikilalia vichwa vyote viwili vya betri inaweza kuwa nyekundu kama kaa. Hakikisheni inveta imezimwa. Fungeni nyekundu kwanza na nyeusi mwisho, na siku ya kufungua anzeni na nyeusi. Waya wa mwisho unapogusa mtaona cheche ndogo ya buluu, kama hii, ambayo ni inveta kujaza kapasita zake, yaani vifaa vidogo vya ndani vinavyohifadhi umeme, na si dalili ya kosa, lakini ndiyo sababu sitaki kazi hii ifanywe juu ya betri ya maji iliyotoka kuchajiwa. Betri za maji zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo sana, hivyo mahali pake ni pale penye hewa inayopita, na si chini ya kitanda wala ndani ya kabati la nguo. Yangu iko barazani, ndani ya sanduku lenye matundu juu na chini, na inveta iko upande wa pili wa ukuta.

Mlioniuliza kama betri ya gari inafaa, jibu langu ni hapana. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwashia injini, na ukiinyonya usiku kucha itachoka baada ya miezi michache. Tafuteni ya kunyonywa taratibu, na hata hiyo msiinyonye zaidi ya nusu. Betri yangu ya ampea-saa 200 ina wati-saa 2400 kwa hesabu ya karatasi. Nusu yake ni 1200, na inveta ikishachukua chake zinabaki karibu 1000. Taa tano za wati 9, televisheni ya wati 60, king'amuzi cha wati 15 na feni ya wati 55 ni wati 175 kwa jumla, kwa hiyo napata takriban saa tano na dakika arubaini, na hicho ndicho nilichokipata Jumanne iliyopita umeme ulipokatika saa moja jioni. Betri za lithiamu zinakubali kunyonywa zaidi na ni nyepesi, lakini chaja ya inveta iwe na mpangilio wake. Ya kwangu inao. Video ya lithiamu niliyowaahidi inakuja mwezi ujao, kwa sababu nataka kwanza niitumie betri yenyewe siku 30.

Wengine mtasema mgao umekwisha, ya nini gharama yote hii? Ni kweli kwamba mashine za Bwawa la Julius Nyerere, zilizoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, zimetuondolea ule mgao mkali wa 2023. Lakini nguzo za mtaani huanguka kwa mvua, transfoma huungua, na mwenye dawa ya sukari ndani ya friji hawezi kuisubiri transfoma mpya.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa uchungu. Kwa dada yangu, mwaka juzi, mtu aliyejiita fundi alitengeneza waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, upande mmoja akauchomeka kwenye inveta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima ipate umeme bila kupitisha nyaya mpya. Umeme wa TANESCO uliporudi ulikutana uso kwa uso na ule wa inveta, moshi ukajaa sebuleni, na inveta ikafa palepale. Hiyo ndiyo hasara nafuu. Plagi ile ikichomoka ukutani, vyuma vyake vina volti 230 na mtoto anaweza kuviokota. Na kama swichi kuu haikuzimwa, umeme wa inveta unatoka kupitia mita ya LUKU hadi kwenye nguzo, ambako yupo fundi anayeamini kwamba laini aliyoishika imezimwa. Ukipita kwenye transfoma kinyumenyume unaweza kupanda hadi maelfu ya volti. Yule kijana juu ya nguzo ana watoto wanaomngoja nyumbani. Kama una waya wa namna hiyo, ukate leo.

Njia sahihi ndiyo niliyofungiwa mimi na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Alitenganisha saketi: taa, soketi ya televisheni na soketi ya friji zinapita kwenye inveta, lakini soketi za jikoni zimebaki moja kwa moja upande wa TANESCO, ili mtu asije akachomeka pasi au birika la umeme la wati 2000 kwa kusahau. Aliunganisha pia skrubu hii ndogo iliyo kwenye bodi ya chuma ya inveta na waya wa ardhini, na saketi zinazotoka kwenye inveta zina kikata umeme chake. Sehemu hii ya volti 230 msiifanye wenyewe kwa kunitazama mimi. Nililipa shilingi 90,000 kwa kazi hiyo.

Je, ninunue ile ya bei ya chini? Ninayo hapa, inauzwa nusu ya bei, na umeme wake ni wa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Sikilizeni feni: inanguruma na kupata joto zaidi. Kwa taa na kuchaji simu inatosha, ila friji nisingeipa. Nilipoanza kurekodi, kwa hasira ya zile nyaya, nilikusudia kuwaambia msiinunue hii ya VA 1000. Sasa nikiiona friji inavyoanza, nimebadili mawazo: inunueni, lakini hesabuni bei yake kuwa shilingi 485,000, kwa sababu waya na fyuzi vilinigharimu 65,000, kabla ya betri na kabla ya fundi.

Naongeza hili baada ya majaribio yale: nyaya za boksini sikuzitupa. Zile sehemu zilizolainika nimezikata, na zilizobaki nimezipeleka kwenye banda la kuku, ambako zinawasha taa mbili za volti 12 zisizovuta hata ampea 2. Nimezigusa jana usiku baada ya saa nne za kuwaka, na zilikuwa baridi.