Faiba ya Mbps 50, Beryl AX na UPS ndogo: uzoefu wangu wa miezi tisa nyumbani Dar

Nilipandisha kifurushi kutoka Mbps 20 hadi 50, na baada ya miezi tisa nasema wazi: kama pesa yako ni ya kubana, baki na 20, kisha nunua UPS (betri ya kushika umeme ukikatika), waya mzuri na ruta inayojua kupanga foleni. Hizo Mbps 30 za ziada nazihisi tu ninapopakua mafaili makubwa. Hivyo vingine navihisi kila siku.

Mazingira ni haya. Vyumba vitatu, kuta za tofali za inchi sita zilizopigwa plasta pande zote, nondo madirishani, watu watano, simu saba, televisheni mbili, kompyuta mbili za mkononi na kamera mbili za nje. Mstari ni wa GPON, yaani faiba moja inayogawanywa kwa nyumba kadhaa, Mbps 50 kupakua na 50 kupakia. Ruta ni GL.iNet Beryl AX, ile GL-MT3000. Nyuma yake kuna swichi ya matundu matano ya gigabiti na aksesi pointi (kisanduku cha kusambaza Wi-Fi) moja ya Wi-Fi 6 iliyofungwa kwenye dari la korido.

Nianze na waya wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaachiwa kasoro wasiyoijua. Fundi akimaliza kufunga, asiondoke kabla hujaona namba ya mwanga. Ingia kwenye ukurasa wa ONU, yaani kile kisanduku cheupe cha faiba (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1), tafuta sehemu ya PON, soma Rx Power, yaani nguvu ya mwanga unaopokelewa. Vifaa vya GPON vya daraja la B+ hupokea mwanga kuanzia dBm -8 hadi -27. Kwangu ilisoma -19.4, nikaiandika kwa kalamu kwenye kisanduku. Namba hiyo ni kipimo chako cha baadaye: ikishuka kwa 3, mwanga umebaki nusu; ikishuka kwa 6, umebaki robo. Mwezi wa nne yangu ilifika -26. Intaneti ilikuwa inakatika usiku na kurudi yenyewe, taa ya LOS (ya kukosa mwanga) inawaka nyekundu kwa dakika moja kisha inazima. Kisa kilikuwa dirisha la aluminiamu la kusukuma, likifungwa linaubana waya kwenye kona. Faiba ya ndani ya daraja la G.657.A2 inavumilia kukunjwa hadi nusu kipenyo cha milimita 7.5, lakini haivumilii kubanwa. Waya ulipitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukutani kwa biti ya milimita 10, ukaachiwa mzingo mdogo wa kushuka upande wa nje ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika tunduni. Namba ikarudi -19.6.

Kuhusu kichwa cha waya: cha kijani ni SC/APC, ncha yake imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8. Cha buluu ni SC/UPC, ncha yake haina mshazari. Vinaingiana kwa umbo, ila mwanga mwingi unapotea. Ukikuta kijani kimechomekwa kwenye buluu, mwambie fundi abadilishe palepale. Na usichungulie ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini upo.

ONU ya mtoa huduma huwezi kuiondoa na kuweka yako hivihivi, kwa sababu namba yake ya utambulisho (serial number) imesajiliwa kwenye mtambo wao. Unachoweza kuomba ni iwekwe kwenye hali ya daraja (bridge mode), ipitishe data tu, na ruta yako ndiyo ipige PPPoE, yaani iingie kwa mtoa huduma kwa jina na nywila. Omba jina la mtumiaji, nywila, na namba ya VLAN (lebo ya kutenganisha mitandao) kama ipo, kabla hawajabadilisha. Wakibadilisha kwanza utakaa bila intaneti ukisubiri simu ipokelewe. Kwa PPPoE, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data) ni 1492. Ukiacha 1500 bila kurekebisha MSS (kikomo cha data ndani ya pakiti), tovuti nyingi zitafunguka na chache zitaganda bila maelezo, na utamlaumu asiyehusika. Wakikataa hali ya daraja, unganisha ruta yako nyuma ya ONU na uzime Wi-Fi ya ONU. NAT (ubadilishaji wa anwani za ndani kwenda za intaneti) itakuwa mbili, ila kwa kuangalia video na mikutano hutaona tofauti.

Sasa Beryl AX yenyewe. Ni ndogo, inakaa kwenye kiganja. Prosesa ni MT7981B yenye kiini mbili, RAM ya MB 512, tundu la WAN (la kuelekea intaneti) la gigabiti 2.5 na tundu la LAN (la vifaa vya ndani) moja tu la gigabiti. Hilo tundu moja ndiyo sababu ya swichi. Liweke kwenye hesabu kabla hujalipa. Ndani ina feni, kwa hiyo usiifungie kwenye kabati la TV. Imejengwa juu ya OpenWrt, programu huria ya ruta, na hiyo ndiyo sababu pekee niliyoichagua.

OpenWrt inakupa SQM, ndiyo ile ya kupanga foleni ya data. Tatizo linaloondolewa na SQM ni hili: mtu mmoja akianza kupakia video za simu kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, data inajipanga kwenye ONU au kwenye ruta kama magari, na kipande kidogo cha sauti ya mkutano wako kinakaa nyuma ya malori yote hayo. Spidi inaonekana nzuri kwenye kipimo, lakini sauti inakatika. Ukiongeza kifurushi, foleni inapungua muda tu, kisha inarudi, kwa sababu simu zitatumia chochote zitakachopewa. CAKE, mbinu ambayo SQM huitumia na imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, huzuia foleni isijengeke na kugawa zamu kwa kila mkondo wa data.

Kuiweka ni kazi ya dakika kumi. Pima kwanza spidi kwa waya, si kwa Wi-Fi, mara tatu: asubuhi, mchana na saa tatu usiku. Chukua ya chini. Mimi nilipata 49 kupakua na 48 kupakia. Ingia 192.168.8.1, nenda mipangilio ya ndani hadi LuCI (kurasa za OpenWrt yenyewe), sakinisha luci-app-sqm. Chagua WAN, na kama unatumia PPPoE chagua kiolesura cha PPPoE chenyewe. Kupakua 46000, kupakia 45000 (kwa kbps, chini kidogo ya ulichopima), mpangilio cake, skripti piece_of_cake, overhead 44. Kisha zima Network Acceleration kwenye menyu ya GL.iNet. Hapa ndipo watu wanakwama: ikiwa imewashwa, data inapita njia ya mkato nje ya SQM, na utaapa kwamba SQM haifanyi kazi. Prosesa ya Beryl haipati shida kwa Mbps 50.

Matokeo kwangu, pingi (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) hadi kituo cha kwanza cha mtoa huduma: mstari ukiwa mtupu, milisekunde 5. Simu mbili zikipakia bila SQM, 190 na zaidi. Zikipakia na SQM, kati ya 9 na 12. Kwa nyumba yenye mtu anayefanya kazi kwa mikutano ya video, hakuna kitu kingine nilichonunua kilichokaribia faida hiyo.

Umeme. Faiba ya GPON ina uzuri ambao watu hawausemi vya kutosha: kigawanyaji kilichopo kwenye nguzo mtaani hakitumii umeme kabisa, ni kioo tu kinachogawa mwanga. Mtaa mzima ukiwa giza, mradi mtambo wa mtoa huduma una betri au jenereta, mstari wako uko hai. Unachohitaji ni kulisha visanduku vyako tu. ONU yangu inakula wati 5, Beryl 5, swichi 2, aksesi pointi 7. Jumla 19, sawa na uniti karibu 14 za LUKU kwa mwezi.

UPS ndogo niliyonunua Kariakoo imeandikwa mAh 10,400. Namba hiyo ni ya betri za volti 3.7, siyo ya volti 12, kwa hiyo ni wati-saa 38.5. Toa asilimia 15 inayopotea kwenye kupandisha volti, unabaki na takribani 33. Kwa wati 19 ni saa moja na dakika arobaini. Nikizima swichi na aksesi pointi na kutumia Wi-Fi ya Beryl pale sebuleni, ni zaidi ya saa tatu. Fanya hesabu hii dukani, na kama muuzaji anakuahidi saa nane kwa boksi la ukubwa wa daftari, muombe alifungue uone betri ngapi za 18650 (zile za duara kama za tochi) zimo.

Mitego mitatu ya UPS hizi. Kwanza, Beryl inataka volti 5 na ampia 3 kwa USB-C, na tundu la USB la UPS yangu linatoa ampia 2. Ilifanya kazi vizuri hadi nilipochomeka diski ya USB, ndipo ruta ikaanza kuzima na kuwaka. Dawa ni kipunguza volti cha kutoka 12 kwenda 5 chenye uwezo wa ampia 5, kinacholishwa kutoka tundu la volti 12. Pili, tundu lililoandikwa PoE (umeme kupitia waya wa mtandao) kwenye UPS hizi hutoa volti 15 au 24 bila mazungumzo yoyote na kifaa. Aksesi pointi ya 802.3af (kiwango rasmi cha PoE) inataka volti 37 hadi 57, haitawaka, na kifaa kisichotarajia umeme kwenye waya kinaweza kuungua. Yangu nailisha kwa adapta ya volti 12. Tatu, kichwa cha adapta: milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5 vinafanana sana, na kisichobana vizuri huleta kuzimazima kunakofanana na tatizo la mtandao.

Ukishafunga, jaribu: acha pingi ikiendelea, chomoa UPS ukutani. Isipotee zaidi ya pingi moja. ONU ikizima na kuwaka, rudisha UPS dukani siku hiyohiyo. Mbele ya UPS weka gadi ya kukinga umeme ukirudi kwa kishindo. Hata ile ya friji inafaa, maana zile dakika zake za kusubiri UPS inazibeba.

Waya wa mtandao wa Cat6 wa bei ya chini mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe ndani, acha. Unakatika kwenye kona na haufai kabisa kupitisha umeme wa PoE. Kupiga vichwa nafuata mpangilio wa rangi wa T568B. Ukiona swichi inasoma 100 badala ya 1000, ujue pini moja kati ya 4, 5, 7 au 8 haijagusa. Kata, piga upya.

Wi-Fi nitaisema kwa kifupi. 5 GHz, chaneli 36, upana wa MHz 80. 2.4 GHz, upana wa MHz 20, chaneli 1, 6 au 11 kulingana na majirani. Kwa tofali za inchi sita 5 GHz inachoka baada ya ukuta wa pili, na kirudia mawimbi kinachotumia redio moja kinakata spidi nusu. Aksesi pointi ya waya kwenye korido imemaliza suala hilo.

Kamera za nje zina jambo moja. Angalia anwani ya WAN: ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani unashirikiana anwani ya intaneti na wateja wengine, na kufungua milango ya kuingilia (port) kwenye ruta hakutasaidia. Beryl ina Tailscale (njia ya siri ya kuunganisha vifaa vyako popote) ndani yake; nimeiwasha na kamera naziona nikiwa popote.

Intaneti ikigoma, napima kwa mpangilio kabla ya kupiga simu: 192.168.8.1, kisha kituo cha kwanza cha mtoa huduma, kisha tovuti ya ndani ya nchi, mwisho seva iliyoko Ulaya. Sitegemei anwani ya 1.1.1.1 ya Cloudflare peke yake, kwa sababu hujibiwa na kituo cha karibu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, hatua ya nne ndiyo iliyoonyesha tatizo liko wapi. Siku ya namna hiyo kuwasha upya ruta hakusaidii chochote. Hatua ya pili ikishindwa na LOS ni nyekundu, soma Rx Power na umtajie mhudumu namba hiyo pamoja na ile ya siku ya kwanza; kwangu fundi amekuja akiwa na mashine ya kuunga faiba badala ya kuja kuangalia tu.