TAHADHARI: Fundi wa WiFi anayebaki na nywila za nyumba yako

Ndugu wakazi wa Tabata na maeneo ya jirani, nawatahadharisha kuhusu fundi anayepita nyumba kwa nyumba akiuza ruta (vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani) zilizotumika na kuwafungia watu WiFi kwa bei ya chini. Kazi yake kwa macho ni safi, hata nyaya anazibana vizuri ukutani, lakini akishaondoka mtandao wa nyumba unabaki mikononi mwake.

Kwangu aliweka namba yangu ya simu kuwa nywila, akisema sitaisahau, nami nikamshukuru. Wiki ya tatu intaneti ikaanza kukwama kila jioni. Mpwa wangu aliandika 192.168.1.1 kwenye simu, akaingia katika mipangilio ya ruta kwa jina admin na nywila admin, akakuta vifaa 14 vimeunganishwa, ilhali sisi tuna simu nne na televisheni moja. Kumbe fundi anawauzia wapangaji wa nyumba ya nyuma intaneti ninayoilipia mimi. Lililoniuma zaidi ni barua pepe aliyomfungulia mama ili atazame YouTube: namba ya kurejesha akaunti ilikuwa ya fundi mwenyewe.

Aliyewahi kuhudumiwa naye aulize kwanza kampuni yake ya intaneti kuhusu mipangilio ya laini, kisha aibonyeze ruta kwa pini kwenye kitundu cha reset hadi ianze upya, abadilishe nywila ya admin pamoja na ya WiFi, achague WPA2 au WPA3 (njia za kulinda WiFi kwa nywila), na azime uendeshaji wa ruta kutoka mbali. WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila, nayo izimwe, kwani tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu nane hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata.

Nywila nzuri ni maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyookotwa ovyo. Methali haifai, maana kila mtu anaijua. Iandikeni kwenye daftari la kabatini, wala msione haya, kwani mwizi wa mtandaoni hafungui kabati.

Nimekwisha kuripoti polisi, kwa kuwa kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nilipompigia fundi aondoe namba yake, alikubali upesi, ila akataka nimsomee kwanza tarakimu sita za siri za kuthibitisha akaunti zilizokuwa zimeingia muda huo huo kwenye simu yangu. Nilikata simu.